Ubao Mwisho wa Korido

Kwetu, ukiuliza wifi yangu anafanya kazi gani, kila mmoja ana jibu lake. Mama, ambaye ni mkwe wake, husema yuko hospitali, na ukimbana hospitali ipi, anakumbuka ana kitu jikoni. Kaka yangu, ambaye ndiye mume, husema "yuko na wazee," basi, kama vile mtu anayesema yuko na mafua. Mimi ni fundi wa nguo, sina subira ya kuzungushana. Nasema analipwa kucheza. Naye hunijibu, "Ndiyo wifi, na wewe unalipwa kuchoma watu sindano." Tunacheka, yanaisha.

Cheti chake kinasema ni mtaalamu wa tiba kwa njia ya burudani. Maneno hayo hayakuenea kwenye kitambulisho anachovaa shingoni, ikabidi wayaandike kwa herufi za sisimizi. Wazee wenyewe hawakujisumbua na cheti. Walimwita Bi Kidogo, kwa sababu kila analoomba ni kidogo: inuka kidogo, geuka kidogo, hebu jaribu kidogo. Na mwenyewe ni mrefu kiasi kwamba kila nguo yake lazima niishushe pindo.

Alianza maisha akiwa mwalimu wa michezo wa shule ya msingi. Shule ikafungwa. Akakaa nyumbani akinyoosha mashuka ambayo hayakuwa na mkunjo, mpaka akapata kibarua cha kumshikia mtu nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee. Yule mtu alikuwa amekwenda kujifungua, na hakurudi tena. Siku ya kwanza wifi alipanga viti duara, akawakalisha wazee, akatoa mpira wa plastiki wenye rangi, ule wa watoto wa chekechea. Akamrushia bibi mmoja, karani mstaafu wa benki. Bibi akaudaka, akautazama kama mtu aliyepewa noti bandia, kisha akautupa nje kupitia dirishani.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi nimelea watoto saba. Mpira nimeshautupa vya kutosha."

Wenzake wakampigia makofi. Jioni ile wifi alikuja kwenye chumba changu cha cherehani macho yamemwiva. Nikamwambia aache hiyo kazi, kuchekwa na vikongwe kuna faida gani? Akakaa juu ya marobota yangu ya vitambaa. Halafu akasema, "Lakini wifi, alivyoutupa, mkono ulipanda mpaka juu ya kichwa. Faili lake linasema ule mkono haupandi."

Nadhani kazi yake ilizaliwa pale, juu ya vitambaa vyangu. Alijiandikisha chuo cha jioni, akasoma mambo ya misuli na ubongo na huzuni ya uzeeni, kaka yangu akijipikia na kulalamika kwamba chumvi imepanda bei kwa sababu yake. Alipofika kazini na cheti, hakuuliza tena mtu anaumwa nini. Aliuliza, "Ulipokuwa na nguvu zako, siku ilikuwa inakwishaje?" Yule karani wa benki akaomba kitu cha kupanga. Wifi akaja kuniomba makopo yangu ya vifungo, vya kila rangi na kila ukubwa, vilivyochanganyika tangu nianze ufundi. Bibi akavipanga kumi kumi, anavifunga kwa uzi, anapiga kelele mtu akimgusia. Vidole vyake vilivyokuwa vimejikunja vikaanza kufunguka. Mimi nikarudishiwa vifungo vimenyooka kuliko benki kuu.

Hata hivyo hawakumheshimu mara moja. Ofisi yake ilikuwa stoo ya viti vya magurudumu vibovu. Wauguzi walimtania: sisi tunatoa dawa, wewe unatoa ngonjera. Mkurugenzi, mama mpole mwenye maneno machache, alisema burudani ni jambo zuri na lifanyike Ijumaa. Wifi akaifanya kila siku, akiiita kwa majina mengine, na Mkurugenzi akajifanya haoni.

Hapo ndipo alipoletwa Refa.

Alikuwa mzee mwembamba, mweusi wa kung'aa, mgongo umenyooka hata akiwa kitandani. Alikuwa amechezesha mpira wa miguu maisha yake yote, mechi za mtaani, za mashule, za ligi. Aliteleza bafuni kwake akavunjika nyonga. Hospitali wakaiunga, wakamleta pale apate nguvu. Alikuwa akiishi na binti yake wa pekee, mwalimu wa sekondari, katika nyumba yake mwenyewe aliyoinunua ujanani, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Mambo yalikuwa wazi: akiweza kupanda ngazi, anarudi kwake. Asipoweza, mwisho wa mwezi kikao kitaamua ahamie upande wa pili wa jengo, kwenye vyumba vya kudumu. Wazee wote walijua maana ya upande ule. Hakuna aliyewahi kutoka huko akiwa na begi mkononi.

Daktari alisema mfupa umeshashika. Lakini Refa hakutembea. Mtaalamu wa viungo akija, alikubali kunyooshwa mguu akiwa amelala, ila akiambiwa asimame, anasema kesho. Siyo uvivu. Aliogopa kuanguka. Mwanamume aliyerushiwa chupa na uwanja mzima bila kukimbia alikuwa anaogopa sakafu.

Wifi akamuuliza swali lake lile. Refa akajibu, "Drafti. Baada ya mechi, drafti."

Basi akamletea ubao na vizibo vya soda, vyekundu na vyeusi. Lakini hakuuweka kitandani. Aliuweka juu ya meza ya kupigia pasi, ambayo ni ndefu, na ambayo mtu mmoja anaibeba kwa mkono. Akaisimamisha karibu na dirisha. Ukitaka kucheza, simama. Refa akamtukana kimoyomoyo, uso ukionyesha kila neno, akasimama, kashikilia ukingo wa dirisha. Akacheza. Akashinda. Kesho yake meza ilikuwa mlangoni. Akashinda. Keshokutwa ilikuwa nje ya mlango, kwenye korido. Akashinda tena, akawa anatembea na kile chuma cha miguu minne kama mtu anayesukuma toroli la sokoni. Wauguzi wakaacha kutania. Wifi alikuja kwangu akiimba.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo pale kazini hakuna aliyelijua. Baba yake wifi alikuwa kinyozi, na nje ya vile vibanda vya vinyozi watu wanaosubiri zamu hucheza drafti. Wifi alikulia pale. Akiwa bado mtoto alikuwa akiwafunga watu wazima mpaka wanaondoka bila kunyolewa. Na Refa, Mungu amjalie, alikuwa mchezaji wa kawaida tu. Wifi alikuwa anamwachia. Anaacha kete wazi, anajifanya hajaona, anapiga paji la uso, "Ah, mzee umeniweza!" Alifikiri mtu akishinda atarudi kesho, na kweli alirudi.

Mpaka siku ile ambayo meza ilikuwa imefika katikati ya korido. Wifi akasogeza kingi yake, ile kete kubwa, mahali ambapo hata mtoto asingeisogeza. Refa alikuwa ameshanyoosha mkono aile. Mkono ukasimama hewani.

"Rudisha," akasema.

"Nirudishe nini, mzee wangu?"

"Hiyo kingi. Irudishe ulikoitoa." Akamtazama usoni muda mrefu. "Binti, mimi nimekaa katikati ya uwanja tangu hujazaliwa. Mtu anayefungwa namjua. Na mtu anayejifungisha namjua."

Wifi akaanza kucheka ili lipite, lakini kicheko hakikumsaidia. Refa akatia mkono mfuko wa shati, akautoa mtupu, akauinua juu kabisa, kama vile umeshika kadi. Kila mtu kwenye korido alijua ni ya rangi gani. Kisha akageuza chuma chake, akarudi chumbani peke yake, bila kusimama njiani. Ndiyo ilikuwa safari yake ndefu kuliko zote, na hakuna aliyeifurahia. Alipanda kitandani akageukia ukuta.

Hakutoka tena. Chakula anakirudisha nusu. Mtaalamu wa viungo akija, anajifanya amelala. Jumapili binti yake alikuja na nguo safi, akakaa naye, hakupata zaidi ya "ndiyo" na "hapana." Wifi alimkuta kwenye korido amesimama na mfuko wa nguo chafu, anafuta machozi kwa mkono wa shati la baba yake. "Dada," akamwambia wifi, "mama zangu wadogo wanasema nimemtupa. Mimi namtaka nyumbani. Lakini nitampandishaje ngazi?" Mwisho wa mwezi ulikuwa unagonga mlango.

Wifi alikuja kwangu, na siku hiyo hakukuwa na utani. Aliniambia, "Nimemharibia yule mzee." Nikamwambia ni rahisi, aende amwombe radhi, wazee husamehe. Akatikisa kichwa. "Nikienda na sauti ya upole, itakuwa huruma ileile. Ndiyo iliyomlaza." Alikuwa ameshika kipande cha kitambaa changu, akakikunjakunja mpaka kikawa hakifai. Nilimhurumia kuliko ninavyoweza kusema. Sikumwambia, maana kwa siku ile huruma ilikuwa bidhaa mbaya.

Kesho yake alikwenda akasimama mlangoni kwa Refa. Hakuingia. Maneno yao alinisimulia yote, na ninavyomjua hakuongeza chumvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Ukutani.

"Nilikuwa nakuachia ushinde."

"Najua."

"Mechi zote. Isipokuwa ile ya Jumatano, hiyo ulishinda mwenyewe, nilikuwa na usingizi."

Ukuta ukauliza, "Kwa nini?"

"Niliogopa kwamba ukifungwa hutarudi."

"Na sasa?"

"Sasa hujarudi."

Refa akageuka, taratibu, kwa ile nyonga yake. Akasema, "Lete ubao."

"Sileti," wifi akamjibu. "Ubao uko mwisho wa korido, chini ya saa. Ukija nitakufunga. Nami nikikufunga, nitakufunga vibaya." Akaondoka. Aliniambia alikwenda kujifungia stoo, akakaa kwenye kiti kibovu cha magurudumu.

Alisubiri pale chini ya saa mpaka chai ya saa nne ikapita. Karani wa benki akamwendea na vifungo vyake kumliwaza. Halafu wakasikia kile chuma: kwa, kimya, kwa, kimya. Refa alikuja amevaa shati la kola, amechana nywele. Hakusalimia mtu. Akashika ukingo wa meza, akasema, "Anza."

Wifi alimfunga. Alimfunga kwa namna ambayo wauguzi walisema ni utovu wa adabu, kumfanyia hivyo mtu wa umri wa baba yako. Hakumbakishia kizibo. Refa akatazama ubao, akapumua kwa pua, akasema, "Tena." Akafungwa tena. Jasho likamtoka, amesimama muda wote ule bila kukumbuka kwamba ana mguu mbovu. Alipoondoka alikuwa na hasira nzuri, ile inayomfanya mtu ale chakula chote.

Tangu hapo alikuja kila siku. Usiku alikuwa akijipangia vizibo kitandani, anajifunza. Na wifi hakumficha kitu tena. "Kesho ubao uko chini ya ngazi," anamwambia. "Kesho uko ngazi ya kati." Refa anajibu, "Wewe binti una nia ya kuniua," na kesho yake yuko hapo, kashika reli kwa mkono mmoja, kizibo kwa mwingine, mtaalamu wa viungo amesimama nyuma yake kama mlinda mlango. Woga haukuisha. Wifi alikuwa akiona mguu unavyotetemeka kabla ya kila ngazi. Ila sasa mzee alikuwa na kitu anachokitaka huko juu.

Kisha Refa akamfunga wifi. Kweli kweli. Nilijua kabla sijaambiwa, kwa sababu kaka yangu alinipigia simu kuuliza nani amemuudhi mke wake, amekataa kula, amekaa anahesabu vizibo mezani na kusema, "Nilipaswa kula kushoto." Refa naye alisema hakuhitaji kuuliza kama ushindi ule ulikuwa halali. Aliuona usoni mwake.

Kikao kilikaa. Refa alizipanda ngazi za pale mbele ya Mkurugenzi, daktari na binti yake, akashuka, akauliza kama wanataka arudie. Mkurugenzi akasema arudi nyumbani. Lakini wifi alijua kwamba ngazi za pale ni pana, zina reli pande zote mbili. Akaomba amsindikize mpaka kwake, Jumamosi ambayo hakuwa na zamu. Nami nikaenda kumbebea begi, na kwa sababu ya umbea, sitajificha.

Jengo lao lilikuwa la zamani, ngazi nyembamba, kona kali, reli upande mmoja, nayo inacheza. Refa, sasa akiwa na mkongojo badala ya kile chuma, alizitazama kama mtu anayemtazama mdeni wake. Akaanza. Mkongojo, mguu, mguu. Ghorofa ya kwanza alipita akiwa bado anazungumza. Kuelekea ya pili akanyamaza. Kati ya ya pili na ya tatu akasimama, kifua kinapanda na kushuka, mguu ule unatetemeka mpaka suruali inaonyesha.

Binti yake akashindwa kuvumilia. "Baba, ngoja niite vijana wa jirani wakubebe. Ni hapo tu."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaweka begi chini nimshike kwapa. Wifi akanizuia kwa jicho. Akakaa kwenye ngazi, hapohapo kwenye vumbi, na sketi niliyomshonea mimi.

"Mzee," akasema, "sijui kama utafika. Ukisema turudi, tutarudi, na utajaribu siku nyingine. Ukisema ubebwe, utabebwa. Sema wewe."

Alisimama, na sisi tukasubiri. Mtoto wa mtu alilia nyumba ya chini akanyamazishwa. Jirani mmoja alipanda na kapu lake, akatupisha bila kuuliza. Nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, mimi ambaye nilikuja kwa umbea. Kisha mkongojo ukapanda ngazi moja. Mguu ukafuata. Wifi hakusema "hongera" wala "kidogo." Alinyanyuka akapanda nyuma yake, mikono ameifungia mgongoni.

Mlango ulipofunguliwa, binti yake alilia kwa sauti. Refa aligusa ukuta wa sebule yake kwa kiganja, akavuta harufu ya nyumba, akatuambia, "Kaeni. Hapa ni kwangu." Na alipoona binti anaelekea jikoni, akamnyooshea mkongojo. "Wewe pia kaa. Wageni ni wangu."

Kwa hiyo tukakaa, wanawake watatu wazima wenye afya, tukamwangalia kupitia mlango wa jiko mzee aliyevunjika nyonga akitupikia chai. Ilichukua muda. Alikuwa akishika kabati, anashika meza, anashika jiko. Sufuria ikagonga. Maji yakamwagika. Binti yake aliuma kucha. Wifi yangu alikuwa amekalia viganja vyake, amevikalia kabisa, ili visiinuke vyenyewe. Nilipoviona vile viganja nilielewa kazi yake ni ipi.

Vikombe vilikuja kimoja kimoja, kila kimoja safari yake, vyote nusu, nusu nyingine ikiwa sakafuni. Refa alijitupa kwenye kiti chake, uso umelowa jasho, akatutazama tukinywa. Chai ilikuwa haina sukari hata punje. Binti yake akasema, "Tamu sana, baba." Nami, kwa adabu niliyolelewa, nikasema asante mzee, tamu.

Refa akamgeukia wifi. "Na wewe?"

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akauvuta mguu wake.

"Haina sukari, mzee."

Binti yake alifunga macho. Refa alimtazama wifi, kisha akatazama kikombe chake mwenyewe ambacho hakuwa amekionja, akaonja. Akacheka, mpaka akakohoa. Akaweka kikombe mezani, akaushika mkongojo kwa mikono miwili, akainuka tena, akaenda kuitafuta sukari.